Kwa Sikio la Karani

Qiaoyan alinipokea stendi ya Taishan
na kofia mbili za pikipiki, moja ina masikio ya paka.
Nikapewa ya paka. Nina miaka sitini na tisa.
Akanikagua uso kama mtu anayekagua noti,
akaongea na simu yake, na simu ikanigeukia
kwa Kihispania cha mwanamke wa Madrid:
"Twende kabla jua halijawa kali, babu mdogo."

Ukoo wetu ni Mei. Si mwezi: ni ua la plamu.
Bibi yake hutamka Moi.
Karani wa bandari ya Callao, enzi hizo, alisikia Muy,
akaandika alichosikia, akagonga muhuri.
Na muy, kwa Kihispania, ni "sana".
Shuleni nikawa Aurelio Sana.
Sana nini? waliniuliza. Sana nini?
Sikuwa na jibu. Baba naye alikufa bila nalo.

Kijiji cha kwanza hakikuwa chetu.
Tuligundua tukishamaliza bata wao,
mwenye nyumba akifuata kwa kidole safu za majina kitabuni;
kidole kikasimama, kikarudi nyuma,
na wote wakacheka, hata yule aliyekuwa ameanza kulia.
Wakatufungia machungwa ya njiani.

Cha pili kina mnara
uliojengwa kwa fedha za Kanada, kwa hofu ya majambazi:
matundu ya bunduki, na juu kabisa nguzo za Kirumi
mahali ambapo hakuna Mrumi aliyewahi kuulizia njia.
Popo tu. Na kioo cha kunyolea, bado kimetundikwa
kwa kimo cha mtu mfupi.
Nikainama.

Cha tatu. Betri asilimia nne.
Matofali ya kijivu, mlango uliopauka, kufuli jipya.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Qiaoyan
kwenye pete moja na funguo za ofisi yake ya bima.
Ndani pamefagiliwa. Ukutani picha ya babu,
ileile iliyoko Lima juu ya jokofu,
ila hii ina bakuli la mchele mbele yake, na majivu ya ubani.
Nikauliza nani huwasha.

Akalaza simu mezani, akasema kidogo kidogo:
Babu yako aliacha mke hapa. Hukujua?

Sikujua.

Alimngoja miaka kumi na mmoja. Pesa zilikuja, mtu hakuja.
Mwaka wa njaa akanunua mtoto wa kiume
kwa magunia mawili ya mpunga, jina la mume lisikose wa kulishika.
Mtoto yule ndiye baba wa babu yangu.
"Kwa hiyo damu hatuna," ikamalizia simu,
kwa sauti ya tangazo la uwanja wa ndege,
na Qiaoyan akawa anafuta meza isiyo na vumbi.

Lima babu alikuwa na duka la kona,
bibi yangu Hortensia, watoto sita.
Kila mwisho wa mwezi alijifungia nyuma ya magunia na kalamu.
Tulidhani anapiga mahesabu.
Alikuwa anapiga.

Niliwasha ubani, mkono haukutulia,
vijiti viwili vikagoma; akaviwasha yeye.
Nikaacha chungwa moja, la wale wasio ukoo wetu.

Betri ilikufa kwenye tuta, katikati ya mabwawa ya bata.
Tukasukuma, yeye usukani, mimi nyuma,
masikio ya paka yakinishukia machoni.
"Lima," akasema, simu ikiwa mfukoni,
kwa maneno aliyojifunza sijui lini, "Lima, mvua, muy?"
Neno lilikaa vibaya. Sikulisahihisha.
Hainyeshi, nikamwambia, nikitikisa kichwa. Kwetu hainyeshi kabisa.
Akasimama, akanitazama, mji gani huo,
kisha akainama tena kwenye usukani.